Maji Yaliyobaki Horini

Mama Pacha alikuwa na tabia moja iliyomshangaza sana mama mkwe wake. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alichukua kijiti akaenda kuchokonoa kinyesi cha ng'ombe.

"Unatafuta nini humo, mwanangu? Umeangusha hereni?" mama mkwe alimuuliza siku moja, amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mabua, mama. Njoo uone mwenyewe. Yameingia mdomoni, yametokea nyuma vilevile. Ukiyasuuza unaweza kumlisha tena."

Mama mkwe akacheka mpaka chai ikamwagikia khanga, lakini hakusogea kuangalia. Ng'ombe walikuwa wake. Aliwafuga tangu enzi za marehemu mumewe, na hakuona kwa nini mke wa mwanawe, aliyekulia ghorofani, aje amfundishe habari za kinyesi.

Hata hivyo kila mtu aliona kuwa mambo si mazuri. Kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote pembezoni mwa mji, na ndani ya ua wao wa mabati wanyama walikula mabua ya mahindi asubuhi, mabua mchana, mabua jioni. Matumbo yalikuwa yamejaa, lakini mbavu zilijitokeza. Madoa, ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa, alishuka kutoka lita sita hadi mbili. Binti yake, mtamba mwekundu ambaye bado hajazaa, alikuwa na nywele zilizosimama kama za mtu aliyetoka kuugua. Kondoo watano walikuwa wakibanana kwenye kivuli cha ukuta, hawana hata nguvu ya kupigana vichwa.

Ndipo Mama Pacha alipokwenda kwenye mafunzo ya bwana mifugo, kijana mwembamba aliyekuwa akitembea na pikipiki na begi la dawa. Kijana alieleza kwa lugha nyepesi. Bua limejaa chakula, alisema, ila chakula chenyewe kimefungiwa ndani ya ugumu, na tumbo la mnyama haliwezi kukifungua lote. Ukiyakatakata mabua, ukayanyunyizia maji yenye mbolea ya urea, ukayafunika yasiingie hewa kwa wiki tatu, ile urea inageuka hewa kali inayoyalainisha. Mnyama akila hapo, kinachobaki tumboni ni kingi na kinachotupwa ni kidogo. Kisha kijana akaacha kutabasamu. Maji yenyewe ya urea, alisema, mnyama asiyaguse kabisa. Akiyanywa, ile hewa inamlipukia tumboni kwa mkupuo na kuingia kwenye damu. Mama Pacha aliandika kila kitu: kilo nne za urea, lita hamsini za maji, kilo mia za mabua. Lile onyo aliliandika kwa herufi kubwa, akalizungushia duara mara mbili.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Walikuwa wanawake watatu uani. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda akitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama Pacha alipima na kunyunyizia. Aliyekanyaga mabua ndani ya shimo walilochimba na kulitandika nailoni alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye tangu shuleni aliitwa Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kupata swichi ya kumzima. Redio alikuwa amerudi nyumbani miaka miwili nyuma baada ya ndoa yake kuvunjika. Alikuwa akisuka nywele barazani, na wateja wake walisema wanakuja nusu kwa ajili ya nywele na nusu kwa ajili ya habari.

"Wifi, miguu yangu imelainika kuliko haya mabua," Redio alisema, akiruka juu ya nailoni. "Mkimaliza mnifunike na mimi humu wiki tatu, labda nitatoka nikiwa binti wa miaka ishirini."

Walicheka, wakafanya kazi, na kufikia saa sita shimo lilikuwa limejaa. Redio akaenda nyuma ya nyumba kusomba udongo wa kukandamizia nailoni. Mama mkwe alikuwa ameanza kusinzia kwenye kigoda chake. Mama Pacha akabaki na pipa la bluu, na ndani yake, chini kabisa, maji ya urea kama ndoo moja na kidogo. Pipa lile ndilo pekee walilokuwa nalo la kuhifadhia maji ya bomba, na maji ya mgao yalikuwa yakitoka mchana ule ule. Alilihitaji. Akatazama huku na huku, akaona hori la kunyweshea wanyama, ambalo tangu jana usiku lilikuwa kavu. Akayamimina mle. Nitalifunika na bati sasa hivi, alijiambia, na baadaye nimalizie kwenye mabua yaliyobaki.

Simu ikalia. Alikuwa matroni wa shule ya bweni walikokuwa wakisoma wanawe pacha: mmoja alikuwa na homa kali tangu alfajiri. Mtandao ulikuwa ukikatika uani, akakimbilia ndani chumbani karibu na dirisha, akawa anauliza kapimwa, kala, katapika? Matroni akampa mtoto simu. Mtoto akalia kidogo, akasema anaumwa kichwa. Mama Pacha akamtuliza mpaka akacheka. Yote yalichukua dakika kumi, labda kumi na mbili.

Alipotoka, simu bado ikiwa mkononi, Madoa alikuwa akiinua kichwa kutoka horini, maji yakimdondoka kidevuni.

Saa sita ilikuwa saa ya kunywesha. Redio alikuwa amewafungua kama kila siku, akaona maji meupe, tulivu, yako palepale yanapokuwa siku zote, akawaacha. Wanyama walikuwa na kiu ya tangu jana. Madoa, kwa ubabe wake, alitangulia. Mtamba akapata nafasi ubavuni. Kondoo wawili walikuwa wameingiza midomo upande wa pili.

"Wifi! Watoe! Watoe hapo!"

Redio aligeuka, hakuelewa, lakini ile sauti ilimtosha. Akamvuta mtamba kwa kamba, Mama Pacha akamsukuma Madoa kwa bega, akalipindua hori kwa miguu yake. Yaliyomwagika hayakujaza hata sufuria.

"Kuna nini?" mama mkwe aliuliza, akizinduka kwenye kigoda.

"Wamekunywa dawa, mama."

Kwa dakika kadhaa hakikutokea kitu. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Madoa alisimama akicheua kwa utulivu, akipunga mkia. Mama Pacha alimpigia bwana mifugo mara tatu bila kupata. Mara ya nne ikapokewa, na wakati huo huo akaona sikio la Madoa likicheza. Halikuwa likifukuza nzi. Lilitetemeka lenyewe, haraka haraka, kama jani.

"Amekunywa kiasi gani?" bwana mifugo aliuliza.

"Ndoo nzima wamegawana. Yeye kanywa karibu nusu."

"Siki," kijana akasema. "Una siki ndani? Siki yoyote, nyingi kadiri utakavyoweza kupata. Changanya na maji baridi, uwanyweshe. Ukali wa siki ndio unaoizuia hiyo hewa. Nipo mbali, lakini nakuja. Usikate simu, iweke spika."

Jikoni kulikuwa na kichupa cha siki, kimebaki robo. Mama Pacha alikuwa bado amekishika, akikitazama, aliposikia geti la bati likigonga ukuta. Redio alikuwa ameshatoka. Alitoka peku, matope ya urea miguuni, na sauti yake ikasikika mtaa wa kwanza, kisha wa pili: "Siki! Jamani siki! Ng'ombe wa mama wanakufa! Mwenye siki!"

Ndani ya ua Madoa alianza kukanyaga ardhi. Misuli ya mapaja ilikuwa ikirukaruka chini ya ngozi. Mate yalimtoka kwa povu, tumbo la upande wa kushoto likapanda taratibu mpaka likawa juu kuliko uti wa mgongo. Kondoo mmoja akazunguka mara mbili, akaanguka.

"Mwinue akalie kifua, asilale ubavu!" sauti ya bwana mifugo ilitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya tofali, pikipiki ikinguruma nyuma yake. "Kichwa usikinyanyue sana, maji yataingia mapafuni. Chupa ipite pembeni mwa mdomo. Polepole!"

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, khanga imemwanguka, amekikumbatia kichwa cha Madoa. "Mama yangu, mama yangu wewe," alikuwa akimwambia, kama mtu anayembembeleza mtoto asitapike. Mama Pacha alimmiminia ile robo. Nusu yake ilirudi na povu.

Redio alirudi na watu. Alikuwa amempita mwenye duka, aliyekuwa na vichupa viwili tu, akamfuata muuza chipsi wa kona, akamkuta akimenya viazi, na bila salamu akabeba dumu lake zima la lita tano. Muuza chipsi alikuja nyuma yake akikimbia, kisu bado mkononi, si kwa hasira bali kwa sababu alisahau kukiweka. Mpishi wa mgahawa alikuja na chupa tatu. Ua ukajaa. Mmoja alishika kamba, mwingine akachanganya maji, mwingine akauliza kila baada ya dakika kama wamechinja au bado.

Katikati ya purukushani ile akaingia Baba Pacha, mume wa Mama Pacha, fundi umeme. Mtu alikuwa amempigia akiwa juu ya ngazi kazini. Bado alikuwa na koleo kiunoni. Akamtazama ng'ombe wa mama yake, akalitazama hori lililopinduliwa.

"Nani kawaleta kwenye hori?"

"Mimi, kaka," Redio alijibu. Alikuwa akimnywesha mtamba, chupa mkononi, hakugeuka.

"Hukuambiwa kuna dawa humo?"

Hapo Redio akageuka. Hakumtazama kaka yake, alimtazama wifi yake. Na Mama Pacha, akiwa ameinama juu ya Madoa, mikono imejaa povu, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Nilimwambia."

Lilitoka kabla hajaliwaza. Angeweza kulirudisha palepale. Lakini Madoa alinyoosha shingo, akatoa mlio mmoja mrefu ambao hakuna aliyewahi kumsikia akiutoa, watu wote wakamkimbilia, na nafasi ikapita.

Madoa alikufa saa tisa kasoro. Kondoo aliyeanguka alikuwa ameshakufa, yule wa pili aliyekunywa alinusurika. Mtamba alitetemeka mpaka saa kumi, kisha akapumua kwa nguvu, akasimama, miguu ikiyumba. Bwana mifugo alipofika, vumbi tupu, alimpitishia mpira wa kutoa hewa tumboni, akampima moyo, akakaa chini.

"Huyu amepona. Bila siki ile tungekuwa tunazika wote. Nani aliileta?"

Watu walimwonyesha Redio, ambaye alikuwa amekaa peke yake karibu na shimo, akisugua miguu yake kwa mchanga. Baba Pacha aligeuza uso.

Wakazika siku ile ile, nyuma ya ua, nyama haikuguswa.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Shimo lilikuwa pale pale katikati ya ua, limefunikwa, limekandamizwa kwa udongo na matairi, na kila aliyepita alilikwepa. Mtamba na kondoo walirudia mabua makavu. Mama mkwe hakumlaumu mtu kwa mdomo. Alichofanya ni kumnyang'anya Redio kamba za wanyama bila neno, na kuanza kuwafungua mwenyewe. Baba Pacha aliacha kumwitikia dada yake salamu. Majirani walimpa Mama Pacha pole, na mmoja alimshika mkono akasema, "Wewe una moyo. Mimi wifi kama huyo ningemrudisha alikotoka."

Mama Pacha aliitikia asante. Chakula kilimshinda. Mara mbili alimfuata mumewe akitaka kusema, na mara zote mbili akaishia kumuuliza kama anataka chai.

Redio naye aliacha kuongea. Wateja walikuja, wakasukwa, wakaondoka wakisema leo kuna nini. Siku ya kumi na tisa alimkuta Mama Pacha akifua, akachuchumaa pembeni ya beseni.

"Wifi, nimefikiri," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nikiwa naongea huwa sisikii. Nilikuwa naongea siku nzima ile, unakumbuka? Labda uliniambia na mimi nilikuwa katikati ya upuuzi wangu. Nisamehe. Ng'ombe wa mama nimemuua kwa mdomo wangu."

Mama Pacha aliendelea kusugua shati lilelile. Alitakiwa kusema kitu, chochote. Maji yalikuwa yamepoa, povu limekufa.

"Yameshapita, wifi," alisema.

Akamwona Redio akitikisa kichwa, akiinuka, akienda zake kama mtu aliyebeba gunia. Jioni ile Redio akamwambia mama yake kwamba atahamia kwa shangazi, upande wa pili wa mji. Kuna saluni inahitaji msusi. Ataondoka Jumamosi.

Jumamosi hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kufungua shimo. Bwana mifugo alikuwa amesema atafika saa nne. Saa tatu na nusu Redio alikuwa ameketi barazani, begi miguuni. Mama mkwe alikuwa akipepeta mchele kwenye ungo, akiupepeta mara ya tatu ingawa haukuwa na hata punje ya pumba. Baba Pacha alikuwa akiondoa matairi juu ya nailoni, moja baada ya jingine.

"Usifungue kwanza, Baba Pacha," Mama Pacha alisema. "Njoo hapa. Mama, naomba mnisikilize."

Mumewe alikuja, akisugua mikono kwenye suruali.

"Sikumwambia."

"Hukumwambia nani?" mumewe akauliza.

"Wifi. Sikumwambia kuwa kuna dawa horini. Niliimimina mimi, nikapigiwa simu, nikaingia ndani, nikasahau. Hakuwepo hata wakati namimina, alikuwa nyuma ya nyumba. Uliponiuliza nikasema nilimwambia. Ulikuwa uongo."

Ungo ulisimama.

"Wiki tatu?" Baba Pacha alisema. "Wiki tatu simsalimii dada yangu, na wewe unanipakulia chakula?"

Baba Pacha alitoka getini bila kuvaa viatu vizuri, akaliacha wazi.

Redio alikuwa bado amekaa. Alipoongea, hakupandisha sauti.

"Unajua nimekuwa nikifanya nini siku zote hizi? Nimekuwa nikiyatafuta maneno yako. Nikimsuka mtu nayatafuta. Nikila nayatafuta. Nilikuwa upande gani, wewe ulisimama wapi, ulisemaje. Nikaanza kuyasikia, wifi. Naapa. Nilifika mahali nikakusikia kabisa unaniambia."

"Nisamehe."

"Nilikuomba *mimi* msamaha! Pale kwenye beseni. Ukanijibu yameshapita."

Mama Pacha aliinamisha kichwa. Redio akasimama, akavuta zipu ya begi ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

"Binti yangu, kaa basi," mama yake alisema. "Mambo yameshajulikana. Unaenda wapi tena?"

"Naenda kwa shangazi, mama. Jana nilikuwa nafukuzwa. Leo naenda kwa kupenda kwangu."

Aliagana na mama yake kwa kumkumbatia, akampita Mama Pacha umbali wa hatua moja, akaondoka. Mama mkwe aliuweka ungo chini.

"Fungua hilo shimo," alisema mwishowe. "Mnyama hajala."

Neno "mwanangu" halikuwemo, na halikurudi kwa miezi kadhaa.

Bwana mifugo alipofika, aliwakuta wanawake wawili wamesimama mbali mbali. Akavuta nailoni, na harufu kali ikapanda, ikawatoa wote machozi. Hakuna aliyeona aibu kuyafuta, maana kulikuwa na sababu. Mabua yalikuwa yamegeuka rangi ya asali iliyokolea. Kijana alichukua moja, akalikunja kidoleni, likakunjika bila kuvunjika.

"Yatandazeni yapigwe na hewa mpaka kesho, harufu ipungue. Kisha mpeni kidogo kidogo, yachanganywe na makavu. Hayana shida tena. Ile iliyokuwa kwenye maji imeshaingia kwenye bua."

"Una hakika?" mama mkwe aliuliza.

"Nina hakika, mama."

"Madoa pia alikuwa na hakika na hori lake."

Kesho yake Mama Pacha alimpa mtamba konzi moja, akaleta kiti, akakaa mbele yake. Mama mkwe alisimama dirishani, pazia likiwa limesogezwa kidogo. Mtamba alinusa, akarudi nyuma, akanusa tena, akala. Mama Pacha hakutoa macho kwenye masikio yake. Saa moja ikapita. Ghafla sikio la kulia likatikisika, naye akaruka kutoka kwenye kiti na chupa ya siki aliyokuwa ameiweka miguuni. Alikuwa nzi. Akakaa tena. Alikaa mpaka jua likahama ukuta, na mnyama hakufanya lolote zaidi ya kucheua na kumtazama kama anayeuliza kama konzi ni moja tu.

Siku ya pili ilikuwa konzi mbili. Wiki ya pili, nusu ya chakula chote, kondoo nao wakaingizwa. Kilichokuwa kikibaki kwenye hori la chakula kila jioni, vile vigogo vigumu ambavyo wanyama walivisukuma pembeni kwa pua, hakikubaki tena. Mwezi ulipokwisha nywele za mtamba zilikuwa zimelala, na mbavu ilikubidi uzitafute kwa mkono.

Baba Pacha alirudi kuongea na mkewe taratibu, kwanza habari za watoto tu, pacha mwenye homa ameshapona na anadai viatu, kisha habari za kazi. Alikwenda kwa shangazi mara mbili kumwomba dada yake msamaha. Mara ya kwanza alimkuta na mteja, akaambiwa angoje, akangojeshwa saa mbili. Alisimulia hivyo mwenyewe, akijicheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika ndani ya nyumba ile tangu kiangazi.

Kisha bwana mifugo akaitisha mkutano mwingine ukumbini. Watu walikuwa wameogopa. Habari za ng'ombe aliyekufa zilikuwa zimeenea mtaa mzima, na waliokuwa wamechimba mashimo walikuwa wakiyafukia. Akamwomba Mama Pacha aje aeleze.

"Waeleze jinsi mtamba alivyonenepa," alisema.

"Nitawaeleza yote au sitaeleza kitu," Mama Pacha akajibu.

Ukumbi ulijaa. Aliposimama mbele, jambo la kwanza aliloliona ni Redio, safu ya nyuma kabisa, nywele amesuka mtindo mpya, mikono ameikunja kifuani. Mama Pacha alianza na kilo nne na lita hamsini, akaendelea na nailoni, na mabua yanavyolainika, na kwa nini tumbo la mnyama linapata zaidi. Mzee mmoja akamkatiza.

"Mama, hayo tumeyasikia. Sisi tunauliza habari za yule ng'ombe. Wanasema kuna mtu aliambiwa asiwasogeze, akawasogeza."

"Si kweli," alisema. "Hakuna aliyeambiwa. Maji ya dawa niliyamimina mimi, kwenye hori wanalonywea kila siku, nikaondoka bila kulifunika. Halafu nikamsingizia wifi yangu. Mabua hayakuua mtu wala mnyama. Niliyeua ni mimi."

Minong'ono ikazagaa. Mama mmoja mbele akafunika mdomo kwa mtandio. Bwana mifugo alijikohoza, akainuka haraka kuokoa mkutano.

"Basi, ndugu zangu, ikitokea bahati mbaya kama hiyo, cha kwanza ni kutafuta si—"

"Siki!" sauti ilitoka nyuma. Watu wote wakageuka. Redio alikuwa amesimama. "Na msipoteze muda dukani, duka lina vichupa. Nendeni moja kwa moja kwa muuza chipsi. Ana dumu. Mkimkuta anamenya viazi msimsalimie, bebeni."

Ukumbi ukaangua kicheko, na kicheko kile kikafungua midomo. Mmoja akauliza kama majani ya mpunga nayo yanafaa, mwingine akauliza habari za maganda ya maharage, wa tatu akataka kujua shimo lake alilolifukia nusu kama bado linafaa. Ikapita saa nzima.

Nje, watu walipokuwa wakitawanyika, Redio alikuwa amesimama kando ya barabara akingoja usafiri. Mama Pacha alimsogelea, akasimama pembeni yake, si karibu sana.

"Hamjambo kwa shangazi?"

"Hatujambo." Redio alitazama upande magari yanakotokea. "Mama ananiambia mnajaza shimo la pili Jumamosi."

"Ndiyo. Mabua yameshakatwa."

"Nani anakanyaga?"

"Mimi na kaka yako. Yeye anakanyaga kama anaogopa kuumiza mabua."

Redio karibu acheke, akajizuia. "Nitakuja nikanyage. Saa mbili. Kulala nitalala kwa shangazi." Gari likatokea kwenye kona, akanyoosha mkono kulisimamisha. "Na bado nina hasira na wewe, wifi. Usije ukaniona nimecheka na mama ukadhani imekwisha."

"Sitadhani."

"Chai nataka ya maziwa."

"Maziwa hatuna mpaka mtamba azae, wifi."

"Basi ya rangi," Redio alisema, akapanda, akaanza kumwuliza kondakta habari za kwao kabla hata gari halijaondoka.